Familia ya Majina Matano Kwenda Karibiani

Wenzangu mliobaki kwenye zile meza tatu za ofisi yetu pale Lilongwe, mliniomba niandike kazi ya kupanga safari ilivyokuwa. Mliomba vizuri, mkaninunulia na daftari, sasa nitakataaje? Lakini nawaambia mapema: Mama Solange mnayemjua ni mwoga. Nilikuwa mwoga Bukavu, nikawa mwoga kambini Dzaleka, na miaka yote niliyokaa kwenye kiti kile cha karibu na dirisha sikuacha kuogopa hata siku moja. Anayetaka habari za vyeo na mishahara amtafute mwingine. Mimi nitaandika juu ya woga, maana njo kitu, ndicho hasa, nilichosomea vizuri.

Nilianza hivi. Pale Dzaleka nilikuwa nashona nguo, na mama mmoja wa kwaya yetu akaniambia kuna ofisi mjini inatafuta mtu anayejua Kifaransa, kwa kuwa wateja wa Kongo na Burundi wanakuja na vyeti ambavyo pale hakuna wa kuvisoma. Nikaenda na viatu vya kuazima, vinabana mpaka nikawa natembea kama bata. Mwenye ofisi alikuwa Mayi Nyirenda, mama mnene wa Kimalawi mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Hakuniuliza shahada. Alinisimamisha mbele ya ramani ya ukutani, akanipa uzi mwekundu na pini, akasema, "Nionyeshe ulivyotoka kwenu mpaka hapa."

Nikaanza kuchoma pini: Bukavu, Uvira, Kigoma ng'ambo ya ziwa, Mbeya, Karonga, Dzaleka. Nilipomaliza akaniambia nirudi mwanzo. "Kila pini," akasema, "niambie nani alikusimamisha, alikuuliza nini, na wewe ulimpa nini mkononi." Kwenye pini ya tatu nikashindwa, nikalia. Akanipa leso, akasubiri. Halafu akasema, "Kazi ni hiyo, amayi. Tiketi hata mashine inaweza kuandika. Sisi tunamwogopea mteja kabla hajaondoka, ili akifika asiogope yeye." Niliajiriwa siku ileile, na viatu nikavivua chini ya meza.

Hiyo tuliita kutembeza mteja. Pasipoti zote zinapangwa mezani, mteja anakaa, mimi nacheza afisa wa kila uwanja, namuuliza kila swali baya. Wengi walicheka, hasa wakubwa wa mjini wenye haraka. Mmoja aliniambia, "Mama, mimi naenda mkutanoni, siendi mahakamani." Nikamtakia safari njema. Alirudishwa kwenye uwanja wa kwanza kwa sababu ya kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Uzi, kalamu nyekundu, bahasha za plastiki, na stepla iliyonijeruhi mara nyingi kuliko cherehani. Kompyuta ilikuja baadaye, ikanipa kitu kipya cha kuogopa. Na ndani ya mkoba wangu, kila siku, kilikuwemo kibali changu cha kutoka kambini. Mnajua jinsi ilivyo: nilikuwa napeleka watu Paris na Guangzhou, na mimi mwenyewe nikiona kofia ya polisi barabarani mkono unaenda mkobani wenyewe. Mayi Nyirenda alinitania kwamba mimi ndiye mpanga safari pekee Malawi nzima ambaye safari yake ndefu ni Dzaleka hadi Area 3, mtaa wa ofisi yetu. Alicheka yeye, nikacheka na mimi, lakini mkono ulibaki mkobani.

Kesi ninayotaka kuwaachia ilinijia mwaka mmoja kabla sijastaafu. Mayi Nyirenda alikuwa ameshafariki, na meza yake ilikuwa yangu. Walikuja Ndayizeye Déogratias, ambaye wote tunamwita Déo, na mke wake Nshimirimana Espérance. Ni Warundi, wana duka la vitambaa Nsungwi, na niliwafahamu tangu wakiwa vijana wa kwaya Dzaleka. Walikuja na watoto wao watatu: Irakoze, mvulana wa miaka kumi na mitatu, Ishimwe, msichana wa miaka tisa, na Iteriteka, kasichana ka miaka minne kenye adabu kuliko wote tuliokuwa pale.

"Dada," Espérance akaniambia, "tunataka kwenda kumuona Consolée."

Consolée ni dada yake. Alikuwa amehamishiwa ng'ambo pamoja na wakimbizi wengine, huko akaolewa na mwalimu wa shule, mtu wa kisiwa kimoja cha Karibiani, akamfuata kwao kijijini. Dada wawili hawa hawakuwa wameonana tangu Espérance yuko na mimba ya mtoto wa kwanza. Nikatoa kalamu, nikauliza hoteli gani.

"Hapana hoteli!" Déo akaruka. "Kule hoteli nitaenda kuona nini? Bazungu benye banaota jua? Mi nataka batoto baone bantu. Tulale pahali bantu banalala, tupande bus yabo, tununue mu soko yabo."

Nikaiweka kalamu chini. Nyinyi vijana mnapenda sana safari za namna hii, mnaziita safari za kweli. Sikatai. Lakini sikilizeni. Anayekwenda hoteli kubwa ya ufukweni ana mwenyeji wa kumsemea. Gari inamngoja, na afisa akisoma jina la hoteli kwenye fomu anagonga muhuri bila kuinua macho. Anayekwenda kijijini hana wa kumwogopea isipokuwa sisi.

Basi nikaogopa kwa miezi sita. Niliondoa kwanza miezi ya vimbunga. Niligundua kwamba boti ya kutoka kisiwa kikubwa kwenda kile kidogo inaondoka siku mbili tu kwa wiki, nikaweka siku moja ya akiba kabla yake. Nilimpigia simu dereva wa basi dogo la kijiji, tukaelewana kwa Kifaransa chake na changu, ambavyo ni ndugu wa mbali. Niliuliza kama mto wa kule una mamba. Hauna, nilikuwa nimekosa usingizi bure. Nyumba nikaipata kwa mjane jirani wa Consolée, nyumba ya mbao isiyo na nambari wala jina la barabara, kwa hiyo kwenye fomu tukaandika vile alivyotuelekeza: nyumba ya buluu, upande wa juu wa daraja, baada ya kanisa. Mtu wa Dzaleka akisoma hivyo anaona anwani imetimia kabisa. Sisi wenyewe tunaelekezana kwa bomba la maji na kanisa.

Siku ya kuwatembeza, nikapanga mezani vitabu vyao vitano vya safari, vile vya wakimbizi, pamoja na viza ambazo walizihangaikia wenyewe ubalozini. Nikasoma majina kwa sauti, yote matano. Sikusikia kitu. Na ningesikia nini? Kwetu na kwa Warundi mtoto anapewa jina lake mwenyewe siku anapozaliwa. Solange wangu na mdogo wake hawana jina hata moja la kufanana na langu. Mayi Nyirenda angesikia. Mmalawi ana jina la ukoo, baba na watoto wanalivaa kama sare, na yeye angeweka kidole mezani aulize, "Pepani, samahani, hawa watoto ni wa nani?" Mimi sikuuliza.

Kosa la pili ni baya zaidi, na hilo nililifanya kwa mdomo wangu. Déo aliniuliza, "Na ile karatasi ya familia, na vyeti bya kuzaliwa bya batoto, tunabeba?"

Nikamjibu harakaharaka, "Hapana. Bile acha kwa mama yako."

Mkimbizi yeyote angejibu vile. Karatasi ya familia, ile ya kuandikishwa kambini, ndiyo wewe mwenyewe, haisafiri. Ikipotea njiani umekwisha. Hata nakala yake hatupendi kumwachia mtu, na Déo aliomba tusiweke nakala ofisini, nikakubali bila hata kufikiri. Tena njia ya kutoka Bukavu ilinifundisha kwamba karatasi nyingi ni maswali mengi: onyesha kidogo, nyamaza, pita. Huo ulikuwa woga wa barabarani, si woga wa uwanja wa ndege, na mimi nilidhani woga wote ni mmoja.

Waliondoka Jumatatu. Jumanne saa tatu asubuhi nikiwa nakunywa chai, simu ikalia kutoka nambari ya nchi ya mbali, pale walipokuwa wanabadilisha ndege. Ilikuwa Espérance, na sauti yake sikuitambua.

"Dada, balitenga batoto na shiye. Batoto iko mu chumba ingine."

"Kwa nini? Kumetokea nini?"

"Banasema majina yetu haifanane. Na ile nyumba ya buluu, banasema ile haiko adresi. Banazani tuliiba batoto, dada! Banazani tunaenda kubauzisha!"

"Si wawaulize watoto wenyewe?"

"Bale batoto bakubwa balisema, lakini banasema tulibafundisha. Banataka yule mudogo ajibu. Balimuuliza Iteriteka jina ya baba yake, akanyamaza. Bakauliza tena, akasema tu, Papa."

Nikaelewa. Iteriteka alikuwa amelelewa vizuri, ndiyo shida. Kwao mtoto hatamki jina la baba yake, ni utovu wa heshima mkubwa. Mbele ya mtu mgeni mwenye sare, kale katoto kalikumbuka adabu kaliyofundishwa, na adabu ile ilikuwa inamgeuza baba yake kuwa mwizi.

"Saa nane ya kwenu huko, ba mama ba kulinda batoto banakuja kubachukua," Espérance akasema. "Banataka karatasi yenye inaonyesha shiye ni familia moja. Ata picha yake. Dada, fanya mbio." Akanisomea nambari ya kutuma hiyo picha, mara mbili, kisha simu ikakatwa.

Dereva wa ofisi, Bwana Kachale, aliwasha gari kabla sijamaliza kueleza. Njia nzima ya kwenda Dzaleka nilisali kwa sauti. Alijaribu kunituliza, akaona afadhali aendeshe tu. Kwenye kizuizi cha polisi walinirudishia kibali changu bila neno, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, mpaka yule askari akamuuliza Kachale kama nimefiwa. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: Iteriteka anapandishwa gari na mtu asiyemjua, katika mji ambao hakuna hata mmoja anayeweza kumuuliza kwa Kirundi kama ana njaa. Watoto huchukuliwa. Na mtoto akishachukuliwa na ofisi, kumrudisha ni miaka. Na mimi ndiye niliyesema, bile acha kwa mama yako.

Bibi Vénérande, mama yake Déo, tulimkuta nyuma ya nyumba yake anapepeta maharage. Nilipiga magoti, nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Halafu akasema, "Hapana."

"Mama, ni picha tu. Karatasi inabaki kwako. Napiga picha kwa simu, namaliza."

"We mutoto wa Bukavu, sikiliza. Ile karatasi ina majina yetu yote pahali pamoja. Kwetu, mutu akikuja kuomba majina ya nyumba muzima, alikuwa anatafuta nani amebakia wa kuua. Mume wangu aliwapatia. Aliwapatia vizuri kabisa, na akawakaribisha bakae." Ungo ukasimama. "Sasa iko bantu ya sare, sijui ni banani, banataka tena majina yetu yote. Na weye njo unaniletea ile neno."

Ilikuwa saa sita inakaribia, na bibi huyu alikuwa na haki. Mayi Nyirenda hakunifundisha la kusema hapo. Nikamwambia kilichokuwemo moyoni tu: "Mama, mi pia naogopa. Naogopa vibaya sana. Siwezi kukuapia kwamba bale bantu ni bazuri. Najua tu kwamba saa nane banachukua batoto, na ni mimi nilimwambia Déo aache karatasi. Kosa ni langu."

Akauweka ungo chini. Kachale alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, haelewi lugha lakini anaelewa.

"Banauliza batoto ni ba nani?" akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Njo wananiuliza mimi, basi." Akainuka, akaingia ndani, akatoa sufuria iliyofunikwa chini ya gunia la unga, na ndani yake bahasha. Nikanyoosha mkono. Akaurudisha nyuma. "Hapana, weye haushike. Nitashika mwenyewe. Na sura yangu ikuwe mu picha. Kama banataka majina yetu, baone na mutu mwenye kuyachunga."

Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akasimama kwenye jua, karatasi kifuani. Ikabidi nipige mara tano ili maandishi yasomeke: nambari moja ya familia, na chini yake majina yote, la kwake juu. Kisha tukapiga vyeti vya watoto, kimoja kimoja, yeye akivishika vyote. Mtandao wa pale mnaujua. Nilitembea na simu juu ya kichwa, nikapita kanisa, nikapita bomba, na watu wakinisalimia siwajibu. Ya kwanza iliondoka saa saba na nusu. Ya mwisho ilipoondoka ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Kisha tukangoja. Saa nane ikapita. Bibi Vénérande alikaa na bahasha mapajani. Aliniuliza mara moja tu: "Sasa iko wapi, majina yetu?" Nikamwambia iko njiani. Saa tisa ikapita. Nimeogopa mambo mengi maishani, nimevuka ziwa usiku na watoto wawili mgongoni na kifuani, lakini saa ile moja na robo sitaki kuirudia hata ndotoni.

Espérance alipiga simu saa tisa na robo. Alikuwa analia na kucheka. Yule afisa, mwanamke, alisoma karatasi, akalinganisha, bado anakunja uso. Halafu akachukua simu yake akaenda chumba kile kingine, akamwonyesha Iteriteka picha bila kumuuliza chochote. Mtoto akaruka kutoka kwenye kiti, akaishika simu kwa mikono miwili akaanza kupiga kelele, "Bibi! Bibi wangu! Mwambie akuje!" Afisa akafungua mlango mwenyewe.

Nilimpa Bibi Vénérande simu azungumze na mwanawe. Mimi nikaenda kumweleza Kachale.

Ndege yao ilikuwa imeondoka. Walipata ya kesho yake, na ile siku ya akiba ndiyo iliyowaokoa wasiachwe na boti. Walikaa wiki tatu. Walioga mtoni, walipanda basi la kijiji na kuku wa watu, watoto walijifunza kuchoma shelisheli kwenye mkaa, na dada wawili, Déo aliniambia, siku tatu za kwanza hawakulala, walizungumza tu. Safari ilikuwa ya kweli, kama alivyotaka.

Kwa hiyo nyinyi, mnapotembeza familia ya watu wetu, msiwaonee haya. Wekeni kidole mezani mkaulize watoto ni wa nani. Vyeti vya kuzaliwa visafiri, na nakala zake, na barua ya mwenyeji yenye nambari ya simu ya mtu anayepokea, maana nyumba ya buluu afisa haijui. Na watoto wafundishwe mapema kwamba mbele ya mtu wa mpakani, jina la baba linatajwa, na si dhambi. Ndivyo nilivyofanya kwa wote waliofuata, na ndivyo Déo na Espérance walivyofanya kwa watoto wao huko huko njiani, kila kituo, kwenda na kurudi.

Waliporudi walikuja ofisini kunishukuru. Waliniletea kungumanga na vipande vya kakao, wakakaa kwenye viti vya wateja, tukacheka sana. Iteriteka alikuwa amenenepa, amesukwa nywele kwa mtindo wa kule. Nikainama juu ya meza, nikamuuliza, "Mrembo wangu, kule kwa mama mdogo ulikula nini?"

Akashuka kutoka mapajani mwa Espérance. Akaja mpaka mbele ya meza, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, akanitazama usoni kama hajawahi kuniona. Akasema kwa sauti kubwa, neno kwa neno, "Baba yangu anaitwa Ndayizeye Déogratias. Mama yangu anaitwa Nshimirimana Espérance. Bibi yangu anaitwa Vénérande. Sikuibwa."

Hakuna aliyecheka. Espérance alitazama sakafuni. Na mtoto akangoja, hajasogea, halafu akaniuliza kama sasa namruhusu arudi kwa mama yake.